Ajali ya Challenger (1986): Chanzo Chake na Athari Zake kwa Umma

Utangulizi

Waswahili husema kwamba ajali haina kinga. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako lina maana ya muda uliopangwa, siku ya mwisho ambayo binadamu hawezi kuikwepa, na maana hiyo ya kale ingali inasikika ndani ya msemo huo. Kwa hiyo inafaa kutahadhari kidogo neno hilo linapotumiwa kwa tukio la tarehe 28 Januari 1986, siku ambayo chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Challenger kilivunjika vipande vipande juu ya bahari ya Atlantiki, karibu na pwani ya Florida, sekunde 73 baada ya kurushwa. Watu 7 waliokuwamo walikufa wote. Tume iliyoundwa na Rais Ronald Reagan ilichunguza kwa muda wa miezi minne, ikakiona chanzo katika mambo mawili yasiyolingana hata kidogo kwa ukubwa: pete ya mpira yenye unene wa milimita 7 hivi, na namna wakubwa wa kazi walivyozoea kufikia maamuzi. Wala hakuna hata moja kati ya hayo mawili lililozuka siku hiyo.

Chombo na viungo vyake

Chombo cha aina ya Challenger kilikuwa na mabawa kama ndege, nacho kilitua kama ndege; lakini hakikuweza kuondoka ardhini kwa nguvu zake peke yake. Kilifungwa kwenye tangi kubwa lililojaa hidrojeni na oksijeni katika hali ya umaji, na ubavuni mwa tangi zilifungwa roketi mbili zenye urefu wa mita 45 hivi. Roketi hizo, ambazo ndizo zilizotoa sehemu kubwa ya nguvu ya kuruka, zilitumia fueli kavu. Fueli hiyo ikishawashwa haizimiki mpaka imalizike.

Roketi zilitengenezwa na kampuni ya Morton Thiokol katika jimbo la Utah, mbali sana na Florida, zikasafirishwa kwa reli. Kwa sababu hiyo hazikuweza kuundwa zikiwa nzima. Ziliundwa kwa pingili, mithili ya muwa, kisha pingili zikaunganishwa Florida. Penye kila fundo palitiwa pete mbili za mpira ili gesi ya moto isipenye. Roketi inapowashwa, msukumo wa ndani huutanua ukuta wa chuma, na fundo hufunguka kidogo sana. Hapo ndipo pete inapotakiwa kujinyoosha mara moja, katika sehemu ndogo ya sekunde, na kuziba upenyo. Mpira wenye joto hufanya hivyo bila taabu. Mpira uliopoa hukakamaa, hukawia, na wakati wenyewe wa kukawia haupo.

Udhaifu huo ulijulikana mapema. Majaribio ya mwaka 1977 yalionyesha kwamba fundo lilifunguka wakati lilitakiwa kubana. Katika safari ya pili ya vyombo hivyo, Novemba 1981, pete moja ilikutwa imeliwa na moto. Mwaka 1982 fundo liliingizwa rasmi katika orodha ya sehemu ambazo zikishindwa hakuna kitu cha kuziokoa. Januari 1985 chombo kingine kilirushwa baada ya usiku wa baridi, mpira ukiwa na joto la nyuzi 12 hivi za Selsiasi, na masizi meusi yakakutwa yamepita pete ya kwanza. Mhandisi Roger Boisjoly wa Thiokol aliandika barua kwa wakubwa wake mwezi wa Julai mwaka huo akiwaonya kwamba jambo hilo lisiposhughulikiwa lingeweza kuua watu. Kikundi cha kazi kiliundwa. Safari hazikusimamishwa.

Jioni ya kuamkia safari

Tarehe 27 Januari 1986 ilitabiriwa kwamba usiku ule Florida ingepata baridi ya kuganda maji. Jioni hiyo wahandisi wa Thiokol walikutana kwa simu na maofisa wa NASA walioko Alabama na Florida, wakapendekeza chombo kisirushwe ikiwa joto la mafundo litakuwa chini ya nyuzi 12. Pendekezo hilo halikupokewa vizuri. Ofisa mmoja wa NASA aliuliza kwa ukali kama walitaka safari ingoje hadi Aprili. Ndipo Thiokol wakaomba dakika 5 za kushauriana peke yao. Zikawa karibu nusu saa.

Katika nusu saa hiyo wahandisi walirudia hoja zao, na hakuna jipya lililoongezwa upande wa pili ila mkubwa mmoja kumtaka mkuu wa uhandisi avue kofia ya mhandisi, avae ya meneja. Mkuu huyo akakubali. Waliporudi kwenye simu, kampuni ilisema safari iendelee. Allan McDonald, mwakilishi wa Thiokol aliyekuwa Florida, alikataa kutia sahihi. Sahihi ikatiwa na mwenzake wa Utah, ikaletwa kwa mashine ya faksi. Waliokuwa na neno la mwisho juu ya safari hawakuambiwa kwamba mabishano hayo yalikuwapo.

Kitu kimoja katika kikao hicho chapasa kutazamwa na kila anayefundisha au kujifunza kazi ya hoja. Wahandisi walikuwa na haki, lakini hoja yao ilikuwa na pengo. Walionyesha takwimu za safari zilizoharibu pete, na kati ya hizo moja ilitokea siku ya joto. Maofisa wakajibu kwamba basi joto na baridi si kitu. Hakuna aliyeziweka kando yake zile safari ambazo pete zake zilirudi salama. Tume ilipofanya hivyo baadaye, jambo lilionekana mara moja: safari zote 4 za joto lisilofika nyuzi 19 zilikuwa na hitilafu, ilhali kati ya safari 20 za joto la nyuzi 19 na zaidi ni 3 tu zilizokuwa nazo. Ukweli ulikuwamo ndani ya takwimu ambazo hazikuletwa mezani, kwa sababu zilionekana hazina la kusema.

Sekunde 73

Chombo kilirushwa saa 5 na dakika 38 asubuhi, hewa ikiwa na joto la nyuzi 2 tu. Kabla sekunde ya kwanza haijaisha, kamera zilinasa moshi mweusi ukitoka katika fundo la chini la roketi ya kulia. Kisha moshi ukakoma. Yaelekea taka za fueli iliyoungua ziliziba upenyo kwa muda. Karibu na sekunde ya 37 chombo kilipita katika upepo mkali uliokitikisa, na katika sekunde ya 59 mwali wa moto ukaonekana ubavuni mwa roketi. Mwali huo ukalitoboa tangi, ukaunguza na mhimili uliolishikilia roketi. Roketi ikajipindua, tangi likapasuka.

Walioona kwenye televisheni waliamini kwamba chombo kililipuka, na wengi wanaamini hivyo hata leo. Wingu lile jeupe kwa sehemu kubwa lilikuwa mvuke na moto wa hidrojeni iliyomwagika. Chombo chenyewe kilivunjwa na nguvu ya hewa, kwa kuwa kiligeuzwa ubavu kikiwa katika mwendo unaokaribia mara mbili ya ule wa sauti, kwenye kimo cha kilometa 14. Chumba cha wanaanga kilitoka kikiwa kizima, kikaendelea kupanda hadi kilometa 20 hivi, kisha kikaanguka kwa dakika mbili na nusu na zaidi hadi baharini. Mitungi 4 ya hewa ya dharura ilipatikana, na 3 ilikuwa imefunguliwa. Maana ya jambo hilo yatosha kueleza kwa nini familia na NASA hazikupenda kulizungumza hadharani.

Tume na kikombe cha maji

Tume iliongozwa na William Rogers, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje, na miongoni mwa wajumbe walikuwamo Neil Armstrong, Sally Ride na mwanafizikia Richard Feynman. Tarehe 11 Februari, mbele ya kamera, Feynman alibana kipande cha mpira wa pete kwa kibanio kidogo, akakitumbukiza katika maji ya barafu, akakifungua. Mpira haukurudia umbo lake upesi. Jaribio hilo halikuhitaji maabara, na umma ulilielewa bila mkalimani. Labda ndiyo maana linakumbukwa kuliko kurasa zote za ripoti iliyotolewa tarehe 6 Juni.

Lakini hoja nzito zaidi ya Feynman ilikuwa katika nyongeza aliyoiandika mwenyewe. Aliwauliza watu wa NASA uwezekano wa chombo kupotea. Wahandisi walikadiria mara moja katika safari 100. Wakubwa walisema mara moja katika 100 000. Vyombo hivyo vilipostaafishwa mwaka 2011 vilikuwa vimefanya safari 135, na viwili vilipotea.

Kilichobaki kwa umma

Wamarekani walikwisha kuzizoea safari hizo, hii ikiwa ya 25. Walioifanya hii itazamwe ni watoto wa shule, kwa sababu ya Christa McAuliffe, mwalimu wa Concord katika jimbo la New Hampshire, aliyechaguliwa kati ya walimu zaidi ya 11 000 na aliyetarajiwa kufundisha masomo mawili kutoka angani. NASA ilipeleka picha moja kwa moja mashuleni. Watoto walikuwa mbele ya televisheni pamoja na walimu wao, na walimu hawakuwa na la kuwaambia. Jioni ile Reagan aliahirisha hotuba yake ya mwaka kwa Bunge, akalihutubia taifa, na sehemu ya maneno yake aliielekeza kwa wanafunzi.

Kumbukumbu yenyewe ya siku hiyo ikawa somo. Asubuhi iliyofuata, Ulric Neisser wa Chuo Kikuu cha Emory aliwafanya wanafunzi waandike namna walivyopata habari: walikuwa wapi, na nani, wakifanya nini. Baada ya miaka miwili na nusu na zaidi, 44 kati yao waliulizwa tena. Robo yao walikosea kila kitu, na wengi walikuwa na hakika kabisa ya majibu yao. Walipoonyeshwa maandishi ya mikono yao wenyewe, hawakuikumbuka ile habari ya kwanza. Watafiti wa masimulizi ya mdomo, ambao ni wengi katika vyuo vya Afrika, wana la kutafakari hapo.

Safari zilisimama kwa miezi 32. Mafundo yalisanifiwa upya, yakaongezewa pete ya tatu na vipasha joto. Satelaiti za biashara ziliondolewa katika vyombo vyenye watu, na roketi za Ariane za Ulaya zikanufaika.

Mwaka 1996 mwanasosholojia Diane Vaughan alichapisha utafiti mkubwa juu ya uamuzi ule. Alikanusha kwamba maofisa walivunja kanuni kwa makusudi. Kila pete iliyoungua na chombo kikarudi salama iliwafanya wahesabu uharibifu huo kuwa wa kawaida. Kipimo cha hatari kilisogezwa hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa na karatasi zake na sahihi zake. Kwa Kiswahili haifai kuuita mwenendo huo uzembe, kwani watu hao walifanya kazi usiku na mchana. Neno lililo karibu zaidi ni mazoea.

Tarehe 1 Februari 2003 chombo Columbia kilisambaratika kikirejea duniani, na watu 7 wakafa. Kipande cha sponji kilichobanduka kwenye tangi kilikuwa kimetoboa bawa la kushoto wakati wa kuruka. Sponji ilikwisha kubanduka katika safari nyingi za nyuma, na vyombo vilirudi. Sally Ride, aliyekuwa katika tume ya kwanza, alikaa katika ya pili pia, na ripoti yake ikaeleza wazi jinsi visa hivyo viwili vilivyofanana.

Barbara Morgan, mwalimu aliyekuwa ameandaliwa kushika nafasi ya McAuliffe kama angepatwa na udhuru, alisafiri angani Agosti 2007. Sehemu kubwa ya mabaki ya Challenger ilifukiwa katika mashimo ya zamani ya makombora huko Cape Canaveral, na kwa karibu miaka 30 haikuonyeshwa kwa umma, hadi mwaka 2015 kipande kimoja chenye bendera kilipowekwa katika maonyesho. Novemba 2022 NASA ilithibitisha kwamba wazamiaji waliokuwa wakitafuta mabaki ya ndege ya Vita Vikuu vya Pili walikuta kwenye mchanga, karibu na pwani ya Florida, kipande kingine chenye upana wa mita 4 na zaidi, kikiwa bado kimefunikwa na vigae vyake vya mraba.