Kwa nini bangi moja inanukia limau na nyingine inanuka salfa?

Ukimenya limau, moja ya kemikali zinazokurukia puani ni limonini. Kemikali hiyohiyo imo kwenye maua ya bangi, na kwa miaka mingi iliaminika kwamba hiyo na jamaa zake ndizo zinazobeba harufu yote. Kumbe sivyo. Mwaka 2021 watafiti nchini Marekani walionyesha kuwa ule uvundo mkali unatokana na kemikali zenye salfa, zinazokaribiana na za kitunguu saumu. Ni kiasi kidogo mno, ila pua inazidaka chap.

Kule California, ambako kuwauzia watu wazima kuliruhusiwa Januari 2018 (huku Kenya na Tanzania bado ni kosa), wazalishaji wa mbegu huchanganya aina tofauti ili wapate harufu yenye tabaka. Shughuli iko kwa dume. Halitoi maua yanayonukia kama ya jike, kwa hiyo huwezi kulinusa ukajua litarithisha nini. Inabidi uchavushe, upande mbegu, usubiri miezi mabinti wachanue, ndipo unuse mmoja mmoja. Na mabinti hao hawafanani! Ukimpata unayemtaka, huotesheI tena mbegu: unakata matawi yake na kuyapanda.