Jaribio la Taa Ukumbini

Mji wa Mpanda, mkoani Katavi, kwa miaka mingi ulitegemea umeme wa mitambo ya dizeli. Shule ya huko itakayo kuongoza taa za jukwaa kwa kompyuta ya Linux na programu ya QLC+ haina budi kuijaribu kwanza. Programu iliyofungashwa upya yaweza kufunguka vizuri, kumbe imenyimwa ruhusa ya kutumia kifaa cha kupelekea ishara. Mfumo wa DMX512, uliobuniwa mwaka 1986, hupeleka amri katika njia 512, kila moja ikiwa na thamani ya 0 hadi 255; lakini taa hairudishi jibu. Hivyo kompyuta yaweza kuonyesha 255 hali ukumbi u gizani! Kisha waya wa ishara uchomolewe makusudi: taa nyingine hushikilia amri ya mwisho, nyingine huzimika.