Nia ina nafasi gani katika mazoezi ya nguvu? Somo kutoka Bwaise

Katika Bwaise, mtaa wa bondeni ulio kaskazini mwa Kampala, kunyanyua vyuma hakuhitaji ukumbi wa kifahari. Kama ilivyo katika vitongoji vingi vya jiji hilo, bomba la chuma na makopo mawili yaliyojazwa saruji hutosha.

Mtaa huu unafahamika pia kwa ndondi. Hapa ndipo Isaac Ssenyange, maarufu kama Zebra, nahodha wa zamani wa timu ya taifa ya Uganda, alipowafundisha vijana hadi alipouawa kwa kupigwa risasi na maafisa wa usalama, tarehe 30 Desemba 2020. Kwa kijana asiye na kocha wala vifaa, swali ni hili: je, nia peke yake inaweza kumfikisha wapi?

Ubongo hutangulia misuli

Misuli haijiendeshi yenyewe. Ubongo hutuma ishara kupitia mishipa ya fahamu, na anayeanza mazoezi hawezi kuziamsha nyuzi zote za misuli kwa pamoja. Ndiyo maana katika wiki za mwanzo mtu huongezeka nguvu kabla mwili wake haujanenepa: kinachojifunza kwanza ni ubongo.

Mwaka 1992, watafiti Guang Yue na Kelly Cole wa Marekani waliwataka watu wafikirie tu kwamba wanakaza msuli wa kidole kidogo cha mkono. Baada ya wiki nne, nguvu za kidole hicho ziliongezeka kwa asilimia 22. Waliofanya zoezi lenyewe walipata asilimia 30.

Imani nayo ina uzito. Mwaka 1972, Gideon Ariel na William Saville waliwapa wanamichezo vidonge visivyo na dawa, wakawaambia ni steroidi. Uzito walioweza kunyanyua uliongezeka kwa kasi kuliko hapo awali. Anayeshawishiwa kununua dawa za kutunisha misuli ana la kutafakari hapo: sehemu ya nguvu anazozitafuta tayari anazo, na hazina madhara kwa moyo wala ini.

Mipaka ya nia

Hata hivyo, kidole si paja. Nia huzindua nguvu zilizomo mwilini. Haiwezi kuziba pengo la chakula, maji na usingizi. Kujikaza juu ya maumivu makali ya kiungo au mgongo si ushujaa, bali ni njia ya kupata jeraha.

Mambo ya kuzingatia

Kabla ya kunyanyua, vuta pumzi, kisha uone akilini mwendo wote tangu mwanzo hadi mwisho. Jipe agizo moja lililo wazi, kama vile "kaza mgongo", badala ya kujilaumu. Weka lengo dogo la wiki na uliandike. Uzito mkubwa usiunyanyue bila mwenzako kusimama karibu.

Bwaise hufurika mara kwa mara mvua kubwa inaponyesha, na mazoezi yanaweza kukatika kwa siku kadhaa. Anayeziona siku hizo kuwa mapumziko, si kushindwa, hurejea kwenye vyuma maji yakishapungua, akianza na uzito mwepesi kidogo. Uvumilivu wa namna hiyo, kuliko hamasa ya siku moja, ndio unaojenga nguvu za kudumu.