Mbao za Majahazi, Ndara za Ufukweni: Hesabu ya Sanaa ya Vitu Vilivyotupwa

Katika vichochoro vya mji wa Lamu, na vivyo hivyo katika Mji Mkongwe wa Unguja, si taabu kupata duka linalouza fremu za picha, vioo, sinia na viti vilivyoundwa kwa mbao za majahazi na mashua zilizokwisha umri wake baharini. Mnunuzi anayeishika fremu ya namna hiyo, akaitazama rangi ya buluu na nyekundu iliyobabuka tabaka juu ya tabaka, aghalabu hudhani kwamba anatozwa bei kubwa kwa kitu ambacho fundi alikiokota bure. Dhana hiyo ndiyo inayoitia tijara hii hasara kuliko jambo jingine lolote, na kwa kuwa imewaingia hata baadhi ya mafundi wenyewe, yastahili kuchunguzwa kwa utulivu.

Zamani jahazi bovu liliachwa lioze pwani, au likapasuliwa kuni. Leo mwenye chombo anajua kwamba mbao zake zina wateja, na hawezi kulaumiwa kwa kuziwekea kima. Hata hivyo, kima hicho ni sehemu ndogo ya gharama. Chombo hakina budi kuvunjwa kwa mpango, mataruma yakatengwa na mbao za ubavuni, na mkuku, ambao ndio mti mzito kuliko yote, ukapasuliwa peke yake. Kisha misumari iliyoliwa na kutu ing'olewe mmoja mmoja, kwa maana msumari mmoja uliosahauliwa ndani ya ubao wa mbambakofi watosha kuyavunja meno ya msumeno. Mbao zilizopakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na shahamu miaka nenda miaka rudi hazipokei gundi mpaka zimekwanguliwa na kuanikwa, na baada ya taabu hiyo yote sehemu kubwa huonekana imetobolewa na wadudu, haifai ila kuni. Fundi anayefanya kazi peke yake huhesabu fedha alizonunulia mbao na siku alizochonga. Siku za kung'oa, kukwangua na kungoja jua hazihesabu, na kwa hiyo huuza chini ya gharama akaamini kwamba amepata faida.

Linganisha na kazi ya ndara. Huko Kiunga, kaskazini ya Lamu karibu na mpaka wa Somalia, mawimbi huleta ndara za mpira kutoka pande zote za Bahari ya Hindi, na katika miaka ya 1990 Julie Church, mtaalamu wa hifadhi ya bahari, aliona watoto wa huko wakizichonga kuwa vitu vya kuchezea. Jambo hilo likazaa biashara inayojulikana leo kwa jina la Ocean Sole, yenye karakana Nairobi, ambako ndara huoshwa, hugandishwa pamoja, huchongwa kuwa twiga, ndovu na kasa, kisha husuguliwa mpaka michirizi ya rangi ikatokeza. Mwokotaji hulipwa ujira wake, mwoshaji wake na mchongaji wake. Kwa sababu kila mkono hulipwa mbali, hakuna kazi inayofichika, na bei ya mwisho haiwezi kujidanganya. Nasadiki kwamba ubora wa hesabu hii hautokani na ukubwa wa mtaji. Watokana na kugawanywa kwa kazi, na msanii aliye peke yake anaweza kuupata akijiandikia ujira wa kila hatua kana kwamba anamlipa mtu mwingine.

Shida ya pili ni upatikanaji wa mali ghafi. Sanaa ya mbao za majahazi hula masalio ya ufundi mwingine, na ufundi huo unapungua, kwani boti za faiba zenye mashine zimechukua abiria wengi na mizigo mingi. Chombo kisichoundwa leo hakitavunjwa baada ya miaka thelathini. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda wa Lamu na wenzake waliunda Flipflopi, dau la urefu wa mita tisa hivi, kwa takriban tani 10 za plastiki iliyokusanywa, likavikwa ndara zipatazo 30,000, na mwanzo wa 2019 likasafiri kilomita 500 mpaka Unguja. Kusudi lake lilikuwa kuwaonya watu juu ya taka za baharini, lakini lilionyesha pia kwamba mafundi waliozoea mti wanaweza kuifanyia kazi plastiki.

Nairobi hali ni nyingine. Cyrus Kabiru, ambaye miwani yake ya nyaya na vyuma vilivyotupwa imefika katika maonyesho ya nchi za mbali, pamoja na wasanii wengi wasio na jina kama lake, hutegemea vyuma chakavu, mali ile ile inayogombewa na viwanda vya kuyeyusha. Januari 2022, baada ya nyaya na minara ya umeme kuharibiwa na wezi, serikali ya Kenya ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Hatua hiyo ilikuwa na sababu, lakini anayenunua kilo mbili kwa ajili ya sanamu hakutofautishwa na anayenunua malori.

Juu ya haya yote iko taabu ya miezi ya masika, wageni wanapopungua Lamu na hoteli nyingi kufungwa, ambapo fundi asiye na akiba humwachia dalali kazi zake kwa bei yoyote, naye dalali huziweka mpaka msimu urudi. Dawa ya taabu hiyo ni ushirika, na mfano upo: wanafunzi wa mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza mwaka 1968 kuchora kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya mbao rahisi za ujenzi, waliunda ushirika wao Dar es Salaam mwaka 1990. Mafundi wa Lamu wangeweza kufuata njia hiyo kwa shabaha mbili tu: kununua chombo kizima kwa mwenyewe kabla dalali hajafika, na kumkopesha mwanachama fedha za masika kwa rehani ya kazi zilizokwisha kamilika, zikahifadhiwa ghalani kwa jina lake mpaka Julai.