Sura ya 6: Kabla ya Kuiamini Namba

Nchini Uingereza, fundi anayelipwa kufunga au kukarabati mitambo ya gesi kwenye nyumba za watu ni lazima awe ameandikishwa Gas Safe Register, daftari lililochukua nafasi ya CORGI tarehe 1 Aprili 2009. Jina lake haliandikwi humo likakaa milele, kwani vyeti vya umahiri huisha kila baada ya miaka 5 na mitihani inarudiwa. Mmoja wa mitihani hiyo umezoeleka kwa kifupi chake tu, CPA1, yaani kupima moshi wa boila kwa mashine ya mkononi. Fundi mzoefu ni rahisi kuudharau. Vitufe anavijua, mashine anayo garini. Anachotakiwa kuonyesha, hata hivyo, ni kwa nini ameiamini namba iliyotokea kwenye kioo, na lini angeikataa.

Gesi asilia, ambayo kwa sehemu kubwa ni methani, ikiungua vizuri hutoa kaboni dioksidi, mvuke wa maji na joto. Ikikosa hewa ya kutosha, au kichomeo kikiziba kwa vumbi, huanza kutoka kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na himoglobini ya damu huing'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndiyo hiyohiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi.

Mashine huonyesha kiasi cha kaboni monoksidi kwa ppm, yaani sehemu katika milioni, kaboni dioksidi kwa asilimia, na uwiano wa ya kwanza kwa ya pili. Huo uwiano ndio wenye siri. Chukua moshi wenye ppm 120 za kaboni monoksidi na asilimia 9 ya kaboni dioksidi. Asilimia 9 ni sawa na ppm 90,000, kwa hiyo uwiano ni 0.0013. Sasa hewa safi ipenye njiani na kuuchanganya moshi nusu kwa nusu. Kaboni monoksidi itashuka hadi 60 na boila litaonekana safi ajabu, lakini kaboni dioksidi nayo imeshuka hadi 4.5, na uwiano umebaki palepale. Hewa iliyopenya haiwezi kuuficha uunguaji mbaya kwa mtu anayeangalia uwiano.

Mtego mkubwa zaidi uko mahali pengine. Mashine nyingi za aina hii hazipimi kaboni dioksidi kabisa. Hupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, kisha hukokotoa kaboni dioksidi kwa kufuata aina ya gesi uliyoichagua kwenye menyu. Tuseme boila la gesi asilia limetoa ppm 340 na oksijeni ni karibu asilimia 6.7. Kwa gesi asilia, mashine itaandika kaboni dioksidi asilimia 8, uwiano unazidi kidogo 0.004, kikomo cha boila jipya la kondensi, nalo halijafaulu. Kama jana fundi alikuwa kwenye nyumba ya gesi ya mtungi na hakurudisha menyu mahali pake, mashine ileile, kwa moshi uleule, itaandika karibu 9.4. Uwiano unakuwa 0.0036 na boila limefaulu! Hakuna taa nyekundu itakayowaka wala kengele itakayolia. Kama ningekuwa na saa moja tu ya kumwandaa mtu kwa mtihani huu, nusu yake ningeitumia hapa.

Maandalizi yenyewe basi huanzia kwenye mashine. Cheti cha kalibresheni kiwe hakijapita muda wake, na namba iliyo kwenye cheti ilingane na iliyo mgongoni mwa mashine. Chujio liwe safi, mtego wa maji uwe mtupu, mpira usiwe na ufa. Halafu toka nje. Mashine huwashwa kwenye hewa safi kwa sababu hewa inayoikuta wakati wa kuamka ndiyo inayoichukua kuwa sifuri. Ukiiwashia jikoni mwenye ppm 20, umepata mizani ya bucha iliyowekwa sifuri huku kipande cha mfupa kikiwa juu ya sahani. Nje nako usisimame chini ya dohani wala nyuma ya gari linalounguruma, na mvuta sigara asipumulie kijiti cha mashine cha kuvutia moshi, maana pumzi yake ina kaboni monoksidi.

Kwenye boila jipya la kondensi, kipimo cha kwanza si cha moshi. Dohani yake ni bomba ndani ya bomba, la ndani likitoa moshi na la nje likiingiza hewa. Kiungo cha ndani kikiachia, boila huvuta moshi wake lenyewe. Kwa hiyo kijiti kinaanzia upande wa hewa inayoingia. Oksijeni isipungue asilimia 20.6, na kaboni dioksidi iwe chini ya 0.2. Hapo ndipo unahamia upande wa moshi, mfuniko ukiwa umefungwa, boila likiwa kwenye moto wake wa juu kabisa na usomaji umetulia. Kaboni monoksidi iwe chini ya ppm 350 na uwiano chini ya 0.004. Kisha unarudia kwenye moto wa chini. Maboila ya zamani yasiyo ya kondensi yana kikomo chake, 0.008, pale ambapo mtengenezaji hakutoa namba yake mwenyewe. Namba ya mtengenezaji ikiwepo, hiyo ndiyo inayofuatwa.

Boila lisipofaulu, mkono usikimbilie skrubu ya vali ya gesi. Kwanza hakikisha kijiti kimekaa sawa, kagua shinikizo na kiasi cha gesi inayoingia, soma kitabu cha mtengenezaji, mpigie simu. Skrubu ni ya mwenye maelekezo na mafunzo ya boila hilo. Mtahini akikuona unaishika mapema hahitaji kukuuliza zaidi.

Sehemu ya hewa ya chumba ni fupi, lakini ina hatari yake. Kengele imelia, familia imesimama nje, nawe unaingia na mashine iliyokwisha kuwekwa sifuri huko nje, ikiwa inasoma tangu mlangoni. Kaboni monoksidi ikizidi ppm 30, hakuna tena kutafuta chanzo. Gesi inafungwa, milango na madirisha yanafunguliwa, watu wote wanabaki nje, wewe ukiwemo.

Mwishoni utachapa matokeo. Karatasi ya mashine hizi huandikwa kwa joto na hufifia, kwa hiyo namba za moto wa juu na wa chini huandikwa kwa kalamu kwenye fomu ya Benchmark, ya kumbukumbu za boila, inayobaki na mwenye nyumba. Kisha iache mashine ivute hewa safi mpaka kaboni monoksidi irudi sifuri, mwaga maji ya mtego, ndipo uizime.