Ng'ombe wa Senti Tano

Kenya ilipopata uhuru Disemba 12, 1963, ilitoa seti ya stempu 14. Zipange kwa bei uone taifa changa lilivyojipima. Mzee Jomo Kenyatta na Mlima Kenya walipewa senti 30, kahawa shilingi 2, majani chai shilingi 5, bandari ya Mombasa shilingi 10. Juu kabisa, shilingi 20, kilikaa Chuo cha Royal, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Chini kabisa, senti 5, wakawekwa ng'ombe.

Kwa mtu wa Kajiado mpangilio huo unauma. Najua bei ya stempu hufuata uzito wa barua na umbali inakokwenda. Lakini kuna aliyeketi akaamua picha gani ikae wapi. Mazao ya kuuzwa ng'ambo yakapanda, mnyama aliyelisha watu wa nyanda hizi kabla reli haijafika akabaki chini. Tena mada yenyewe ilikuwa ufugaji wa ranchi, si ule wa kuhama kufuata mvua.

Mmaasai aliingia kwa mlango mwingine. Stempu ya senti 50 ilibeba bendera, na katikati ya bendera ipo ngao yake na mikuki miwili iliyopishana. Ngao halisi ni ngozi ya nyati iliyokaushwa na kukazwa kwenye fremu ya mti, nyuma ina kijiti cha kushikia. Uso wake huchorwa kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Zamani aliyeijua michoro hiyo alitambua moran ni wa rika gani na anatoka upande gani hata kabla ya kumwona sura. Kwenye stempu, habari yote hiyo imebanwa ikawa kama punje ya hindi.

Mwaka uliofuata, kuadhimisha Jamhuri, zilitoka stempu za jogoo, Rais, simba, ndege wa msituni na ua la mti. Ng'ombe hakuwemo.

Huku nyumbani, ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988. Vipande vikauzwa, vikakatwa ploti, seng'enge zikafuata. Nyumbu waliokuwa wakitoka Mbuga ya Nairobi msimu wa mvua wamebanwa na ghorofa za kando ya barabara ya Namanga, na mchungaji naye anapitisha mifugo ukingoni mwa lami.

Siku Posta itakapoichapishia Kajiado stempu yake, naomba ngao ipumzishwe. Ichorwe picha ya mwanamke akikamua alfajiri, kibuyu mkononi, na stempu hiyo ndiyo iwe ya bei ya juu kuliko zote katika seti. Seng'enge isifichwe. Ionekane nyuma yake, kwa sababu ndiyo inayowazungusha ng'ombe wake mbali wakitafuta maji.