Kumbukumbu Tatu kwa Neno Moja: Kuchagua Sehemu za Kompyuta ya Gemu

Anayeunda kompyuta yake ya kwanza ya gemu kwa fedha za kuhesabu hununua vitu visivyopungua saba: kichakataji, bodi mama, RAM, kadi ya michoro, hifadhi, pawa saplai na kasha. Kila kimoja kina jina lake, lakini baadhi ya majina hayo hubeba zaidi ya kitu kimoja. Katika mazungumzo ya kawaida hilo halina madhara. Katika orodha ya manunuzi, iwe inapelekwa Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, neno lenye maana mbili huweza kumfanya mnunuzi alipie kitu kisichofaa, na muuzaji asikubali kukipokea tena kikishafunguliwa.

Jina la kompyuta yenyewe linahitaji uangalifu. "Kompyuta ya michezo" ni tungo sahihi kisarufi, ila michezo kwa msomaji wa Kiswahili ni kwanza kandanda, riadha na netiboli. Kompyuta ya michezo yaweza kuwa ile iliyomo ofisini kwa mwalimu wa michezo. "Gemu", pamoja na wingi wake "magemu", limekwisha kuzoeleka na halina utata huo. Katika maandishi rasmi "michezo ya kompyuta" hufaa, mradi neno kompyuta lisidondoshwe njiani.

Kitenzi nacho kina mtego. "Kutengeneza kompyuta" kwa wasikilizaji wengi ni kuikarabati iliyoharibika, hivyo anayeanza na sehemu mpya mezani ni afadhali asemwe kuwa anaunda kompyuta. "Kufunga" ni hatari zaidi. Fundi hufunga injini kwenye gari, na kwa maana hiyo hiyo hufunga feni kwenye kasha. Lakini mtu hufunga pia kifuniko na hufunga kazi ya siku. Mwongozo unaosema "funga RAM, kisha funga kompyuta" umetumia neno moja kwa matendo mawili yanayokaribia kupingana. Kwa kitu kinachoingizwa kwenye mwanya wake, Kiswahili kina "pachika", na hakuna sababu ya kuliacha.

Neno linalogharimu zaidi, hata hivyo, ni "kumbukumbu".

Kompyuta ya gemu ina vitu vitatu vinavyoitwa hivyo, na vyote hupimwa kwa gigabaiti. Cha kwanza ni RAM, ambamo kazi inayoendelea hushikiliwa. Umeme ukikatika, yaliyomo hupotea. Cha pili ni kumbukumbu ya kadi ya michoro, ambayo imelehemiwa kwenye kadi yenyewe na haiongezwi baada ya kununua. Cha tatu ni SSD au diski kuu, ambako magemu na mafaili hukaa hata kompyuta ikiwa imezimwa. Tangazo la "kumbukumbu gigabaiti 512" huwa linahusu SSD. La "kumbukumbu gigabaiti 16" huwa linahusu RAM. "Kadi ya gigabaiti 8" ni habari ya kadi. Mzoefu huzitenganisha kwa kutazama tarakimu tu. Anayeanza hana mizani hiyo, na mfasiri hana haki ya kumwachia kazi ya kubahatisha.

Utata huu unaongezwa na maana ya kila siku ya neno lenyewe. Kumbukumbu za mkutano huandikwa ili zidumu. Jumba la kumbukumbu hujengwa ili vitu visipotee. Msomaji aliyelelewa na maana hizo, akiambiwa anunue kumbukumbu kubwa, atafikiria mahali pa kuweka vitu. RAM ni kinyume chake kabisa: ni sehemu inayosahau kila usiku. Kwa hiyo kuiita RAM "kumbukumbu" bila kivumishi humwelekeza mtu kwenye rafu isiyo yake.

Njia salama ni kutenga majina matatu na kuyashika kutoka mwanzo wa matini hadi mwisho. "RAM" imekwisha kuwa neno la Kiswahili madukani na huchukua upatanisho wa ngeli ya I-ZI: RAM hii, RAM hizi. "Hifadhi" litumike kwa SSD na diski kuu. "Kumbukumbu ya kadi" libaki kwa kadi ya michoro, wala lisikatwe kuwa "kumbukumbu" hata pale sentensi inapokuwa ndefu.

Upatanisho wenyewe una thamani ya fedha hapa. "RAM ya gigabaiti 16" ni kipande kimoja; "RAM mbili za gigabaiti 8" ni vipande viwili vyenye jumla ile ile. Vichakataji vya kawaida vya kompyuta ya mezani husoma RAM kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na kipande kimoja huacha njia moja tupu. Kwa kompyuta ya kwanza ya gemu, vipande viwili vya gigabaiti 8 ni chaguo bora kuliko kimoja cha 16. Mfasiri anayeandika tu "RAM gigabaiti 16" amefuta ushauri wote uliokuwa ndani ya sentensi ya asili.

Kwa skrini ya nukta 1920 kwa 1080, kadi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 ni mwanzo wa busara kwa magemu mapya, ingawa ya gigabaiti 4 bado huendesha mengi ya zamani na mepesi. Hifadhi ya gigabaiti 500 hujaa upesi, kwa kuwa gemu moja kubwa siku hizi laweza kupita gigabaiti 100. Hapo pia herufi moja hubadilisha kila kitu: gigabaiti ni gigabiti nane. "M.2", neno linaloonekana sana kwenye SSD, ni jina la umbo na si la kasi, SSD ya umbo hilo yaweza kuwa ya SATA, isiyopita megabaiti 600 kwa sekunde, au ya NVMe, ambayo hufikia maelfu. Mwanya wa bodi unaopokea NVMe pekee hauitambui ile ya SATA hata ikiingia vizuri.

Suala la kuingia vizuri bila kutambuliwa linaleta kundi jingine la maneno. Miongozo ya kuunda kompyuta hurudia tena na tena wazo kwamba sehemu fulani inafaa kwa nyingine, na mfasiri huvutwa na "kulingana". Lakini vitu vinavyolingana huweza kueleweka kuwa vina ukubwa sawa. "RAM ilingane na kadi" inaweza kumfanya mtu atafute gigabaiti 8 na 8. "Kuoana" ni bora, na "kuchukuana", ambalo wengi wamelisahau, ni bora zaidi kwa vitu vinavyofaana bila kufanana. Kichakataji na bodi lazima vichukuane.

Jambo la kwanza la kutazama ni soketi. Kampuni ya AMD ilianza kutumia soketi ya AM4 mwaka 2016 na ya AM5 mwaka 2022. Intel ilileta LGA1700 mwaka 2021. Kichakataji cha soketi moja hakikai kwenye nyingine. AM4 hutumia RAM ya DDR4 peke yake, AM5 hutumia DDR5 peke yake, na bodi za LGA1700 ziko za aina zote mbili, kwa hiyo kutaja soketi hiyo bila kutaja RAM ni kusema nusu ya jambo. Vipande vya DDR4 na DDR5 vya kompyuta ya mezani vina miguso 288 kila kimoja na kwa mbali hufanana kama mapacha. Pengo la katikati tu ndilo lililohamishwa ili kimoja kisipachikwe mahali pa kingine. Anayekisukuma kwa nguvu huvunja bodi.

Kuna pia kuchukuana kwa umbo kusikotosha. Bodi ya AM4 ya toleo la B450 hupokea kichakataji cha Ryzen 5 5600 bila taabu, lakini ikiwa programu yake ya ndani, yaani BIOS, ni ya zamani, kompyuta haitawaka. Tafsiri njema hutenganisha "kinaingia" na "kinafanya kazi". (Kuhusu bodi hiyo: wapo wanaoandika "ubao mama". Wingi wake, mbao mama, unamtuma msomaji kwa seremala.)

Katika kugawa fedha, kadi ya michoro ndiyo inayostahili fungu kubwa kuliko zote, yapata theluthi moja hadi karibu nusu ya gharama bila skrini, kwa sababu ndiyo inayochora kila picha ya gemu. Kichakataji cha bei ya kati kinatosha: Ryzen 5 5600 ina viini 6, Core i3-12100F ina viini 4, na zote mbili huendesha kadi ya kiwango cha RX 6600 bila kuielemea.

Herufi za mwisho za majina hayo si mapambo. F kwa Intel huonyesha kwamba kichakataji hakina sehemu ya michoro ndani yake. Bila kadi, skrini hubaki nyeusi hata kama kila kitu ni kizima. Wanafunzi wengi wenye fedha kidogo hupanga kununua kompyuta leo na kadi mwakani, na mpango huo hauwezekani kwa kichakataji cha F. Unawezekana kwa Ryzen 5 5600G, ambayo ina michoro ya ndani inayotosha magemu mepesi. Malipo yake yako kwingine: ghala lake dogo la ndani ni megabaiti 16 badala ya 32 za ile 5600, na huwasiliana na kadi kwa PCIe ya toleo la 3 badala ya la 4. Tafsiri inayoidondosha herufi hiyo kwa kudhani ni alama ya kiwandani humharibia msomaji mpango mzima.

"Nguvu" ni neno la mwisho linalohitaji kugawanywa. Husemwa kichakataji kina nguvu, kadi ina nguvu, pawa saplai ina nguvu. Viwili vya kwanza humaanisha uwezo wa kazi, cha tatu humaanisha wati. Ni afadhali kusema "uwezo" kwa vile na "wati" kwa hiki. Jina la kifaa chenyewe limejaribiwa kutafsiriwa kuwa "ugavi wa umeme", jambo linalomfanya msomaji wa Tanzania afikirie TANESCO. "Pawa saplai" ndilo fundi analolielewa, na kamusi haipotezi heshima kwa kulikubali.

RX 6600 hula wati 132, na Ryzen 5 5600 imewekewa kiwango cha wati 65. Pawa saplai nzuri ya wati 450 hadi 550 inazibeba pamoja na feni na SSD, ikabaki na akiba. Neno la kuangalia ni "nzuri". Alama ya 80 Plus haisemi kwamba kifaa hutoa asilimia 80 ya wati zilizoandikwa, ingawa hivyo ndivyo inavyofasiriwa mara kwa mara. Inahusu ufanisi: pawa saplai ya wati 500 yenye ufanisi wa asilimia 80, ikitoa zote 500, huvuta wati 625 ukutani na kupoteza 125 kuwa joto. Pawa saplai za bei ya chini kabisa huwa na kibonye chekundu nyuma chenye namba 115 na 230. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na wa Kenya 240; kibonye kikiachwa kwenye 115, kifaa huweza kuungua papo hapo. Sentensi inayohusu kibonye hicho ikidondoshwa katika tafsiri, hasara huonekana siku ya kwanza.

Kasha halina mengi: litoshe bodi na urefu wa kadi, na hewa iingie mbele itoke nyuma. Hapa ndipo pa kubana matumizi.

Kadi ya michoro ndiyo hununuliwa sana ikiwa mtumba, na msamiati wa mtumba haujatulia. "Iliyotumika" haisemi ilitumika vipi. Kadi nyingi zilifanya kazi mchana na usiku katika uchimbaji wa sarafu ya Ethereum hadi mtandao wake ulipoacha njia hiyo Septemba 2022, kisha zikamiminika sokoni. Kutumika huko si lazima kuwe kumeiharibu kadi, lakini feni zake huwa zimechoka. Jina pia lisomwe hadi mwisho. RX 580 ya kawaida ina vichakataji vidogo 2304. Ipo nyingine inayouzwa kwa jina la RX 580 2048SP, na namba hiyo ya mwisho, ambayo tangazo huiacha, ndiyo idadi yake halisi. Mnunuzi aombe kadi ipachikwe na gemu zito lichezwe mbele yake kwa robo saa, na jina kamili, pamoja na gigabaiti za kumbukumbu ya kadi, liandikwe kwenye risiti.